Giza la nani, nuru ya nani? Tunayoyasema kuhusu Isaya 9, na ukweli wake

Desemba ikifika, maneno yaleyale husomwa makanisani: "Watu wale waliokwenda katika giza wameona nuru kuu." Wakatoliki huyasikia katika Misa ya usiku wa Noeli, na sisi wengine huyasikia wakati wa Majilio, yaani majuma ya kungojea Krismasi, au kwenye mkesha. Tumeyazoea mno, na ukizoea neno huliulizi tena maana yake. Nafundisha darasa la kipaimara, na kila mwaka vijana huniletea majibu waliyorithi kwa wakubwa wao. Mengi si ya kweli, na mengine yanaumiza watu. Ndiyo sababu naandika haya.

Dhana: "Giza la Isaya ni upagani. Linahusu watu wasiomjua Mungu."

Ukweli: Isaya ametaja mahali. Anasema nchi ya Zabuloni, nchi ya Naftali, Galilaya. Zabuloni na Naftali ni makabila ya Israeli, wana wa Yakobo hasa, watu wa agano. Giza lao la kwanza lilikuwa vita. Kati ya mwaka 734 na 732 kabla ya Kristo, Tiglath-pileseri wa Tatu, mfalme wa Ashuru, aliwashukia. Fungua 2 Wafalme 15:29 uone miji ikihesabiwa mmoja mmoja: Iyoni, Abel-beth-maaka, Yanoa, Kedeshi, Hazori, kisha Galilaya, nchi yote ya Naftali, na watu wake wakachukuliwa mateka. Galilaya ilikuwa upande wa kaskazini, na jeshi la Ashuru lilitokea kaskazini. Basi wao ndio waliokuwa mlangoni. Samaria, mji mkuu wa ufalme wa Israeli wa kaskazini, ilianguka baadaye, mwaka 722 kabla ya Kristo.

Lipo na giza la roho pia, na hapo ndipo wengi wetu tunaruka. Rudi nyuma kidogo, sura ya 8 mstari wa 19. Watu wanakwenda kwa wenye pepo wa utambuzi na wachawi, wale wanaolia kama ndege na kunong'ona, wanawauliza wafu habari za walio hai. Nani wanaofanya hivyo? Watu wenye nabii mjini mwao na hekalu mbele ya macho yao. Wameshikwa na hofu, wanatafuta sauti yoyote ya kuwaambia kesho kutakuwaje. Giza hili lilikuwa ndani ya nyumba ya Mungu.

Mgawanyo wa sura nao umetuponza. Isaya hakuandika "sura ya 9". Sura tunazozitumia ziliwekwa katika karne ya 13 baada ya Kristo, na katika Biblia ya Kiebrania mstari tunaouita 9:1 ni wa mwisho wa sura ya 8. Msomaji wa zamu akianzia kwenye nuru, kanisa zima halisikii giza lilitoka wapi.

Dhana: "Watu wa gizani ni sisi Waafrika, mpaka wazungu walipotuletea nuru."

Ukweli: hili nalisikia hata kwa wazee wa kanisa, tena wakiomba. "Bwana, tulikuwa bara la giza." Jina hilo halimo katika Maandiko. Lilivuma Ulaya katika karne ya 19, na Henry Morton Stanley alilitia katika jina la kitabu chake cha mwaka 1878. Nabii wa Yerusalemu hakuwa akizungumzia rangi ya mtu wala bara.

Na historia inakataa. Mfalme Ezana wa Aksum, katika nchi tunayoiita leo Ethiopia, alipokea Ukristo katika karne ya 4 na akatia msalaba kwenye sarafu zake. Watu wa Skandinavia walikuwa bado karne nyingi kabla ya kubatizwa. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa ametoka kufanya kazi Ethiopia, kwenye kanisa kongwe kuliko mengi ya Ulaya.

Ukitaka kuona giza la Isaya katika mwambao wetu, nenda Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilikuwa pale. Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873, na Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo hilo, ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Ndani, mbele ya altare, kuna duara sakafuni. Kwa mapokeo ya pale, ndipo uliposimama mti wa kuwafungia watumwa wakichapwa viboko. Simama hapo usome Isaya 9:4: nira ya mzigo wake, gongo la bega lake, fimbo yake yeye aliyemwonea. Halafu jiulize ni nani walikuwa gizani. Waliofungwa minyororo? Waliouza? Na wenye mashamba wa Kifaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, Wakristo kwa jina, ambao nao walikuwa wanunuzi wa biashara ile? Giza lilikuwa katika biashara yenyewe, na mikono iliyoishika ilikuwa ya rangi nyingi na dini zaidi ya moja.

Kwa hiyo pia sikubaliani na wanaosema kwamba Mwokozi aliyeahidiwa ni wa roho tu na hana habari na mambo ya dunia. Isaya anataja mavazi yaliyofingirishwa katika damu, akisema yatakuwa kuni za kutiwa motoni. Anataja kiti cha enzi kilichothibitishwa kwa hukumu na kwa haki. Huwezi kuyasoma hayo kwa uaminifu ukaishia kwenye wokovu wa moyoni peke yake.

Dhana: "Wakristo walitunga unabii huu baadaye ili umfae Yesu."

Ukweli: mwaka 1947, katika pango la Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, liligunduliwa gombo la Isaya. Ni vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu wake unapita mita 7, na karibu kitabu kizima kimo. Wataalamu wanaliweka zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa kwa Yesu. Maneno ya Isaya 9:6, "mtoto amezaliwa", yamo humo.

Lakini tusiligeuze gombo kuwa shahidi wa jambo lisilolisema. Linathibitisha kwamba maneno yalitangulia. Mtoto ni nani, hilo ni la imani. Wafafanuzi wengi wa Kiyahudi wamemwona humo Hezekia, mwana wa mfalme Ahazi, na si kwa ukaidi, kwani Hezekia alikuwa wa zama zile na wa nyumba ya Daudi. Mathayo anasema jingine. Katika sura ya 4 anaeleza kwamba Yesu aliposikia Yohana Mbatizaji amefungwa, aliondoka Nazareti akaenda kukaa Kapernaumu, kando ya bahari, mipakani mwa Zabuloni na Naftali, kisha ananukuu Isaya. Mimi naamini kama Mathayo, na kinachonigusa ni mahali pale. Nchi iliyotangulia kuvunjwa na Ashuru ndiyo iliyotangulia kusikia mahubiri yake. Angeweza kuanzia Yerusalemu.

Dhana: "Kristo ni jina la ukoo wa Yesu."

Ukweli: ni cheo. Ni neno la Kigiriki lenye maana ileile ya Masihi kwa Kiebrania, yaani mpakwa mafuta. Wafalme wa Israeli walipakwa mafuta, na Isaya 45 inamwita hata Koreshi, mfalme wa Uajemi, masihi wa Bwana. Majirani zetu Waislamu nao humwita Nabii Isa kwa cheo hicho cha Masihi, kwa maana Kurani inamwita hivyo, ingawa hawakielewi kama sisi.

Dhana: "Ukishampokea Mwokozi, giza halikugusi tena. Anayelia hana imani."

Hii ndiyo iliyonifanya niandike. Wiki ya pili ya Majilio, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa msibani. Mama amefiwa na binti wa miaka kumi na tisa. Ameketi kwenye mkeka, miguu kainyosha, mkononi kashika kandambili moja ya marehemu, anaifuta vumbi kwa pindo la kanga. Kila alipofungua kinywa kulia, mama mmoja alimshika bega: "Nyamaza, mama, wewe umeokoka. Wanaolia ni wale wasio na tumaini." Akanyamaza. Siku mbili hakusema neno, wala chai hakugusa.

Ukweli: Paulo hakuwakataza Wathesalonike kulia. Aliwaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, na hayo ni mambo mawili tofauti. Yesu mwenyewe alilia machozi kaburini kwa Lazaro, naye alijua anakwenda kumfufua. Na yale maneno "uvuli wa mauti" ya Isaya 9, kwa Kiebrania ni neno lilelile la Zaburi 23: "nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti." Mtunga zaburi anamjua Mchungaji, na bado yumo bondeni. Anachosema ni kwamba hayuko peke yake.

Tena angalia namna Isaya anavyosema: wameona, imewaangaza, amezaliwa. Anayataja kama yamekwisha kutukia, ilhali Waashuri bado wako juu. Mwaka 701 kabla ya Kristo walifika mpaka Yuda, wakateka miji yake na kuizingira Yerusalemu. Watu waliendelea kuzika na kungoja, kizazi baada ya kizazi. Hata Mwokozi alipokuja, Yohana aliyemtangulia hakutoka gerezani akiwa hai. Majilio yana kungoja kwa aina mbili, kukumbuka alivyokuja na kutazamia atakavyorudi, na sisi tunaishi katikati.

Siku ya tatu alikuja pale msibani mwinjilisti mzee. Hakutoa pole ndefu. Aliketi kwenye mkeka, akafungua Zaburi 88, ile isiyomalizikia kwa sifa, akaisoma yote mpaka mstari wa mwisho: "Nao wanijuao wamo gizani." Akafunga Biblia, kimya. Yule mama akageuka, akamtazama.

"Hiyo imo humo?" akauliza.

"Imo."

Akamwomba amsomee tena ule mwisho. Mzee akasoma. Ndipo mama akalia, kwa sauti, ile kandambili kaiweka kifuani, na safari hii hakuna aliyemshika bega kumnyamazisha. Jioni aliomba chai.