Je, wajua kwa nini Wamarekani wenye asili ya Norwei hawajasahau mila za mababu?

Tarehe 4 Julai 1825, merikebu ndogo Restauration iliondoka Stavanger, Norwei, na watu 52 kuelekea New York. Katika karne iliyofuata, Wanorwei zaidi ya 800,000 waliwafuata. Vitukuu wao leo wanazungumza Kiingereza, lakini kila mwaka, wikendi iliyo karibu na Mei 17, sikukuu ya katiba ya Norwei ya 1814, mji wa Stoughton huko Wisconsin hufurika gwaride na bendera za Norwei.

Sababu kubwa ni jinsi walivyolowea. Sheria ya Marekani ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 za ardhi, na watu wa bonde moja la Norwei walichukua mashamba jirani. Aliyetangulia aliandika barua, ndugu wakamfuata, basi lahaja na mapishi yakahama na kijiji kizima. Mwaka 1899 watu wa Valdres waliunda chama cha wenyeji wa bonde lao, na mabonde mengine yakaiga. Kanisa la Kilutheri nalo liliwakusanya kila Jumapili na kuwajengea vyuo, kikiwemo Luther College (1861).

Lugha ilipata pigo. Mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni shuleni, kanisani, hata kwenye simu. Jikoni hakuna aliyeingia.

Ndiyo maana lefse, mkate bapa wa viazi, imedumu. Viazi vilivyochemshwa hupondwa vingali moto, vikatiwa siagi, krimu na chumvi, kisha hulazwa kwenye baridi usiku kucha. Unga wa ngano, gramu 200 hadi 250 kwa kilo ya viazi, hutiwa kesho yake. Ukiutia viazi vikiwa vuguvugu, donge hunata. Ukiongeza unga kuliokoa, mkate unakuwa mgumu. Husukumwa kama chapati, ila nyembamba zaidi, na kuokwa kwenye bamba kavu la nyuzi 260 za Selsiasi hivi. Hapa mtu mmoja hatoshi: mmoja husukuma, wa pili hugeuza kwa kijiti kirefu bapa, wa tatu hufunika iliyoiva kwa taulo isikauke. Mtoto anayepewa taulo leo ndiye atakayeshika kijiti baadaye, na kwa maoni yetu kazi hiyo ya pamoja imehifadhi asili yao kuliko hotuba yoyote ya sikukuu.