Je, wajua kwa nini gia hugoma injini ikiwaka, lakini huingia laini ikizimwa?

Gari limesimama, injini imezimwa. Unakanyaga klachi na gia zote tano zinaingia bila ubishi. Unawasha injini, unakanyaga klachi ileile, na sasa namba moja inashindana na mkono wako na rivasi inakwaruza. Wenye Corolla, Hiace na Hilux za miaka ya 1980 na 1990 wanaijua hali hii, na wengi wao wakifika gereji huambiwa giaboksi imekwisha, ishushwe. Mara nyingi giaboksi haina kosa. Tofauti kati ya injini iliyozimwa na iliyowaka ndiyo kipimo cha kwanza, hakina gharama yoyote, na ndicho kinachoonyesha kama uanze kutafuta kwenye klachi au kwenye giaboksi yenyewe.

Meno ya gia za kwenda mbele hayatafutani kila unapobadilisha gia. Yameshikana jozi kwa jozi muda wote. Kinachohama unaposukuma leva ni pete pana ya chuma inayoteleza juu ya shafti ili kuifunga gia uliyoichagua izunguke pamoja na shafti hiyo. Shida ni kwamba gia na shafti huwa na kasi tofauti, na hapo ndipo sinkronaiza inapofanya kazi. Ni ringi ndogo, katika magari mengi ya zamani ya shaba ya njano, inayojibana kwenye koni ya gia. Msuguano wake huongeza au hupunguza kasi ya gia, na meno yake madogo huizuia ile pete isipite mpaka kasi zilingane. Cadillac ndio waliolileta jambo hili kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1928. Kabla yake dereva alilinganisha kasi mwenyewe kwa kukanyaga klachi mara mbili na kucheza na mafuta.

Ringi hiyo ina nguvu ndogo. Inaweza kubadilisha kasi ya vitu vyepesi tu: shafti inayoingia giaboksi kutoka injini, gia zake, na klachi pleti iliyoning'inia mwisho wake, yaani sahani ambayo klachi huibana ili injini izungushe shafti na huiachia ukikanyaga pedali. Klachi isipoachia sawasawa, injini nzima inaendelea kuizungusha ile shafti, na ringi hiyo ndogo inajikuta inashindana na injini. Mkono wako unauhisi ushindani huo kama ugumu. Ndiyo maana injini ikizimwa ugumu hutoweka: hakuna tena kinachozungusha shafti.

Kwa hiyo anza hivi. Gari likiwa mahali tambarare, zima injini, kanyaga klachi mpaka mwisho, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Gia moja ikikataa usiihukumu haraka. Huenda meno yamekutana ncha kwa ncha. Achia klachi, kanyaga tena, au sukuma gari sentimita chache ujaribu upya. Kisha washa injini, iache itulie kwenye sailensa ya kawaida, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, karibu mizunguko 750 hadi 850 kwa dakika, urudie. Sailensa ikiwa juu, kwa mfano kwa sababu ya kiyoyozi au kabureta iliyorekebishwa vibaya, rivasi inaweza kukwaruza hata klachi ikiwa nzima.

Kipimo cha pili ni rivasi yenyewe, kwa sababu kwenye magari mengi ya umri huu haina sinkronaiza na haiwezi kukuficha kitu. Weka gia huru, kanyaga klachi, hesabu sekunde tano polepole, kisha ingiza rivasi. Klachi ikiwa nzima, shafti imeshasimama na gia inaingia kimya. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, kuna kitu bado kinaizungusha. Cha tatu: mahali pa wazi pasipo mtu wala ukuta mbele, ingiza namba moja, klachi ikiwa chini kabisa, mguu wa pili juu ya breki, kisha legeza breki kidogo. Gari likitaka kutembea lenyewe, umeshapata mhalifu.

Klachi isiyoachia

Kabla ya kufungua chochote, toa kapeti la miguuni. Makapeti mazito ya mpira yanayouzwa barabarani hujikunja nyuma ya pedali na kuiibia sentimita mbili za mwisho, na sentimita hizo ndizo klachi inazozihitaji. Kuna magari yaliyoshushwa giaboksi kwa sababu ya kapeti.

Pima kisha mchezo wa pedali kwa kidole na rula. Kwa Toyota nyingi za wakati huo, pedali inatakiwa isogee milimita 5 hadi 15 kabla ya kuanza kuwa nzito. Ikisogea milimita 40, mwendo unaopotea hapo haufiki kwenye klachi. Kwa magari ambayo pedali huvuta klachi kwa waya, waya umelegea na unakazwa kwa nati yake ya marekebisho. Kwa magari ambayo klachi husukumwa kwa mafuta ya breki, ambayo ndiyo mengi, angalia fimbo inayotoka kwenye pedali kwenda masta ya juu (silinda inayosukuma mafuta hayo), pamoja na kipini na tundu lake. Vikilika, tundu huwa yai na mwendo unamezwa humo. Ukikaza fimbo hiyo kupita kiasi mpaka mchezo wote uishe, unaunda tatizo jipya: mafuta hayarudi kwenye kikopo chake, na klachi inaanza kuteleza.

Mfumo wa mafuta una masta mbili, ya juu nyuma ya pedali na ya chini ubavuni mwa giaboksi, na kila moja huugua kwa namna yake. Chomoa ukingo wa kifuniko cha mpira cha masta ya chini: kukiwa na maji maji ndani, raba zake zimekwisha. Ingiza mkono juu ya pedali, ndani ya gari, mahali fimbo inapopenya kwenye ukuta wa injini: kukiwa na unyevu au rangi ya sakafu imeanza kubambuka, masta ya juu inavuja nyuma. Ya juu inaweza pia kuugua bila kuvuja tone nje. Kanyaga klachi ushikilie nusu dakika. Pedali ikizama polepole na kikopo hakipungui, raba ya ndani inapitisha mafuta kinyume. Na kama gia inaingia vizuri baada ya kupampu mara mbili au tatu, kuna upepo ndani au masta ya juu inachoka. Dalili hiyo pekee haitoshi kukuambia ni lipi kati ya mawili hayo, hivyo toa upepo kwanza, ndilo la bei nafuu.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa yenye mafuta kidogo, na spana ya nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye masta ya chini, mara nyingi namba 8 au 10. Mmoja anapampu polepole mara kadhaa kisha anashikilia chini. Mwingine anafungua nipo kama nusu mzunguko, anaacha mafuta na mapovu yatoke, anafunga, ndipo aliye juu anaachia. Nipo ikibaki wazi pedali inapopanda, mfumo unavuta upepo upya na mtashinda hapo mchana kutwa. Kikopo kisipungue chini ya nusu. Endeleeni mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke safi.

Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, kama kifuniko cha kikopo kinavyosema, kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo, kwa kuwa mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na maji hayohayo huanza kula kuta za masta kwa kutu. Oili ya injini au ya haidroliki isiingie humo hata kijiko. Raba hufura ndani ya muda mfupi, na itabidi masta zote mbili na mpira wa katikati vibadilishwe.

Ukishamaliza, mtu akanyage na wewe uangalie fimbo ya masta ya chini ikisukuma uma wa klachi, mkono wa chuma unaoiachisha klachi. Kwa magari mengi madogo inatakiwa itoke zaidi ya milimita 10. Ikitoka vizuri na klachi bado haiachii, tatizo sasa liko ndani ya nyumba ya klachi, na hapo ndipo kushusha giaboksi kunakuwa na maana. Uma huwa umepinda au umepasuka. Presha pleti, sahani ya springi inayoibana klachi pleti, huchoka vidole vyake. Meno ya katikati ya klachi pleti hukauka au kupata kutu, hivyo pleti haitelezi kuachana na flaiwili, gurudumu zito lililo mwisho wa injini. Hilux na Hiace, ambazo injini imekaa kwa urefu, zina beringi ndogo katikati ya flaiwili inayoshika ncha ya shafti. Ikinata, inaizungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia kabisa, na dalili zake zinafanana mno na za klachi mbovu. Magari mengi ya kuvuta mbele hayana beringi hiyo.

Magari yaliyoegeshwa miezi mingi Tanga, Mombasa au Unguja, au yaliyopitiwa na maji ya mafuriko, yana tatizo lao: klachi pleti hushikana na flaiwili kwa kutu. Pedali iko sawa, masta ziko sawa, gia haiingii kabisa injini ikiwaka. Gari likiwa mahali pa wazi, breki ya mkono imevutwa na ya mguu imekanyagwa, ingiza gia ya tatu injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi, kisha gusa stata kidogo. Mara nyingi hubanduka kwa mshtuko mmoja. Gari linaweza kuruka, kwa hiyo asisimame mtu mbele wala nyuma.

Ikiwa ngumu hata injini ikizimwa

Hapa klachi haihusiki. Corolla na magari mengine ya kuvuta mbele huendesha gia kwa waya mbili, mmoja wa kwenda mbele na nyuma, mwingine wa kuchagua kushoto na kulia. Zichomoe upande wa giaboksi, kisha sogeza kwa mkono kile kipande cha chuma zilichoshika. Kikienda laini, giaboksi ni nzima na waya zimeota kutu ndani ya ganda lake. Zibadilishe, kuzipaka grisi ncha hakuzifufui. Bushi za plastiki kwenye ncha hizo zikilika hazileti ugumu sana, zinaleta leva inayoyumba na gia zisizopatikana mahali pake, ingawa dereva huvieleza vyote viwili kwa neno moja: gia mbaya. Hilux na Land Cruiser za zamani hazina waya. Leva inazama moja kwa moja kwenye giaboksi, na chini yake kuna kikombe cha plastiki ambacho kikivunjika leva inakwama na kulegea kwa wakati mmoja. Kinabadilishwa kwa juu, bila kushusha kitu.

Ugumu wa asubuhi unaoisha baada ya kilomita chache ni wa oili. Madukani kuna oili ya gia namba 90 na namba 140, na 140 hupendwa kwa sababu hunyamazisha giaboksi inayovuma. Huko Njombe, Makete au Limuru, alfajiri ya Julai, oili hiyo inakuwa nzito kiasi kwamba sinkronaiza haiwezi kuikata iguse koni. Toyota nyingi ziliandikiwa 75W-90. Angalia pia daraja lililoandikwa kwenye kopo: GL-5 ina viambato vya salfa na fosforasi vingi kuliko GL-4, na baadhi ya aina zake hushambulia shaba au huifanya ringi iteleze badala ya kushika. Kama kitabu cha gari kinataka GL-4, weka GL-4. Na usidhani kila giaboksi hunywa oili ya gia; baadhi ya Honda za zamani ziliandikiwa oili ya injini.

Unapobadilisha, fungua bolti ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ile ya juu ikigoma na ya chini umeshaimwaga, gari halitoki hapo. Corolla yenye giaboksi ya C50 huchukua takriban lita 1.9; jaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu, gari likiwa sawa. Kabla ya kuitupa oili chafu uliyoitoa, iangalie juani. Tope la kijivu kwenye bolti yenye sumaku ni la kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu ni sinkronaiza inayolika. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi.

Sinkronaiza mbovu ina tabia yake: haigomeshi gia zote. Huwa gia moja, aghalabu namba mbili, inayokwaruza ukibadilisha haraka na kuingia kimya ukikanyaga klachi mara mbili au ukichelewa kidogo. Gia zote zikiwa ngumu kwa kiwango kilekile, rudi kwenye pedali ukague upya kabla ya kukubali bei ya giaboksi.

Ikilazimu kuishusha, klachi pleti, presha pleti na beringi ya klachi hubadilishwa pamoja, kwa kuwa kazi ya kushusha ndiyo ghali. Tazama sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, maana ikivuja italowesha pleti mpya kwa oili. Meno ya shafti yapakwe grisi ya joto kali, utando mwembamba tu. Ikizidi hurushwa kwenye pleti. Wakati wa kurudisha, giaboksi ishikiliwe na jeki mpaka bolti zishike. Ikiachwa ining'inie kwenye klachi pleti hata dakika moja, pleti hupinda, na pleti iliyopinda haiachii.