Sharti la lazima si sharti la kutosha

Kila UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inapotoa matokeo ya sinia siksi (mwaka wa mwisho wa sekondari), malalamiko ni yale yale, redioni na kwenye makundi ya wazazi: "Mtoto ana prinsipali mbili, kwa nini chuo kimemnyima nafasi? Si wamesema sharti ni prinsipali mbili?" Prinsipali ni ufaulu kamili katika somo la ngazi hiyo. Uchungu wa mzazi naufahamu, ada ya shule si mchezo. Ila neno "sharti" hapo limebebeshwa mzigo usio wake, na kosa hilo hilo ndilo linalowaangusha vijana kwenye maswali ya mantiki katika mitihani ya kujiunga na vyuo, hata wale wenye alama nzuri darasani.

Maana yenyewe ni fupi. Sharti la lazima ni lile ambalo likikosekana, jambo halitokei. Sharti la kutosha ni lile ambalo likiwepo, jambo linatokea bila kusubiri kingine. Kwa anayetoka moja kwa moja sinia siksi (wa diploma na wanaoingia kwa njia ya watu wazima wana masharti yao), prinsipali mbili za mtihani wa kikao kimoja ni za lazima ili asome shahada. Hakuna aliyesema zinatosha. Anayetaka sheria Makerere anazo, na bado ana mtihani wa chuo wa kuukalia.

Tofauti hii ni ya kale sana. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kule Athens, wanafalsafa wa Kistoa walikaa wakaichambua kauli ya "ikiwa". Krisipo, aliyekuwa kinara wao, aliorodhesha namna tano za hoja alizoona hazihitaji kuthibitishwa, kwa kuwa ni wazi zenyewe. Walizisema kwa namba. Namna ya kwanza: ikiwa la kwanza, basi la pili; la kwanza lipo; basi la pili lipo. Namna ya pili: ikiwa la kwanza, basi la pili, la pili halipo, basi la kwanza halipo. Namna ya tatu: la kwanza na la pili haviwi pamoja; la kwanza lipo; basi la pili halipo. Mfano walioupenda ni huu: ikiwa ni mchana, kuna mwanga. Ni mchana? Mwanga upo. Hakuna mwanga? Basi si mchana.

Tazama ambacho hakimo kwenye orodha hiyo. Hakuna namna inayosema: la pili lipo, basi la kwanza lipo. Kuna mwanga, basi ni mchana? Huenda mtu amewasha taa. Kauli ya "ikiwa" ni kama mshale unaotoka la kwanza kwenda la pili; tangu enzi hizo watu wameonywa wasiusome kinyumenyume, na mpaka leo watunga mitihani wanauweka mtego pale pale.

Chukua swali la aina hiyo. Shule inachagua angalau wanafunzi wawili kwenda kwenye mdahalo Mbale, kati ya Akello, Byaruhanga, Kato, Nambi na Wafula. Kato atakwenda ikiwa tu Nambi atakwenda. Wafula haendi isipokuwa Akello aende. Akello na Nambi hawaendi pamoja. Sasa, Nambi amechaguliwa: ni nini lazima kiwe kweli?

Wengi wanajibu mbio: Kato anakwenda. Hapana. Kuwepo kwa Nambi ni sharti la lazima kwa Kato, kwa hiyo mshale unatoka kwa Kato kwenda kwa Nambi. Nambi yupo, Kato anaweza kwenda, anaweza kubaki, maana Byaruhanga naye anaweza kukamilisha idadi. Jibu lipo upande wa pili. Nambi akienda, Akello anabaki. Hiyo ni namna ya tatu ya Krisipo. Akello akibaki, Wafula naye anabaki; hiyo ni namna ya pili. Kwa hiyo kilicho lazima ni kwamba Akello na Wafula wote wawili hawaendi. Kato aliwekwa pale awe chambo.

Nisichokubaliana nacho hata kidogo ni kuyaita haya "maswali ya akili", kwamba unazaliwa nayo au huna. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason wa London alieleza jaribio la kadi nne zenye herufi upande mmoja na namba upande mwingine, na kanuni moja ya "ikiwa". Walioulizwa wageuze kadi zipi ili kuihakiki kanuni walikosea karibu wote, na walikuwa watu waliosoma. Mwaka 1982 Griggs na Cox, huko Florida, waliibadilisha kanuni tu: anayekunywa bia awe ametimiza umri wa kisheria. Safari hii takriban robo tatu walipata.

Ilete Kabalagala, mtaa wa baa jijini Kampala, ambako umri ni miaka 18. Askari ameingia baa. Mmoja ameshika waragi, ile pombe kali, umri wake haujulikani. Wa pili anakunywa soda. Wa tatu ni mzee wa mvi, glasi yake haionekani. Wa nne kitambulisho kinasema ana miaka 16, glasi yake pia haionekani. Askari amkague nani? Muulize mama muuza rolex (chapati ya mayai) nje ya baa, atakwambia papo hapo: huyo wa waragi na huyo mtoto. Mzee wa nini? Miaka 18 inamruhusu kunywa, haimlazimishi. Mama huyo ametofautisha sharti la lazima na la kutosha bila kukaa darasa la mantiki hata siku moja. Anachokosa mtahiniwa ni mazoezi ya kuiona baa hiyo ndani ya herufi na majina asiyoyajua.

Na wanaonunua vitabu vikuukuu vya LSAT, ule mtihani wa sheria wa Marekani, wajue kwamba sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na zamu iliondolewa Agosti 2024. Mafumbo hayo bado ni mazoezi mazuri, lakini hayatakuja tena kwenye mtihani huo. Maswali ya hoja yamebaki, na ndiyo yanayochukua sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa. Mshale wa "ikiwa tu" umejaa humo.

Kuna karatasi za maandalizi zinazozunguka WhatsApp zenye mstari unaosema "tu" katika "ikiwa tu" ni ya kutilia mkazo. Aliyeuandika alitaka kuwasaidia vijana, na karatasi iliyobaki ni nzuri. Naomba anayeisambaza aurekebishe mstari huo mmoja: "ikiwa" hutambulisha sharti la kutosha, "ikiwa tu" hutambulisha la lazima, na "ikiwa na ikiwa tu" huyabeba yote mawili, mshale ukielekea huku na huku.