Taka za Mbeya: hesabu ianzie kwenye tripu

Simama kando ya kizimba cha taka cha soko lolote kubwa la Mbeya asubuhi ya mvua ya Februari. Utaona mikungu mitupu ya ndizi zilizoshuka kutoka Rungwe, majani ya kabichi na viazi vilivyooza. Mpakiaji akiinua beleshi, maji yanamchuruzikia mpaka kwenye buti. Maji hayo Jiji litayasafirisha hadi dampo, kwa dizeli ya kununua.

Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 385,279; ya 2022, watu 541,603. Tuchukue kila mtu anazalisha nusu kilo ya taka kwa siku: ni kama tani 270. Kwa lori la tani 7, hizo ni tripu 39. Lori likifanya tripu 3 kwa siku, na foleni ya barabara kuu mnaijua, yanahitajika malori 13 barabarani, achilia mbali yaliyolala gereji.

Katika miji yetu, zaidi ya nusu ya taka kwa kawaida ni mabaki ya vyakula na mimea. Tani 60 zikigeuzwa mboji zingepungua tripu 9, yaani malori 3 ambayo hatuna haja ya kununua. Ila mboji haijiuzi. Mkulima wa viazi akikuta kipande cha chupa ndani ya gunia, harudi tena. Kwa hiyo taka zitenganishwe pale kwenye meza ya muuzaji, kabla hazijafika kizimbani.

Kwenye mitaa ya miteremko ya Mlima Loleza lori halipenyi. Huko guta linafaa, tena hupanda tupu na kushuka limejaa.

Fedha ndiyo penye kazi. Lori jipya hupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Tairi lake la mwaka wa tatu halina mgeni rasmi. Sheria ya Mazingira ya 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, lakini dizeli lazima itoke mahali. Mfano: kaya 100 za mtaa mmoja, ada shilingi 2,000 kwa mwezi, ni 200,000. Zikilipa 40 tu unapata 80,000, na guta bado linapita milango yote 100. Kupandisha ada hapo ni kuwaadhibu wale 40. Mimi ningeanza na ratiba: mtaa ukiambiwa Jumanne, gari lifike Jumanne, miezi mitatu mfululizo, ndipo mtendaji apite na mashine ya risiti kwa zile 60.