Je, wajua? Kwa nini timu za Mwanza zikishapanda Ligi Kuu ndo zinaanza kufa

Kila msimu ukiisha hili swali linarudi kwenye vijiwe vyote, kuanzia Kirumba mpaka Buhongwa: inakuwaje Mwanza, jiji linalotajwa kuwa la pili kwa ukubwa nchini baada ya Dar, lina sangara, lina viwanda, lina wachimbaji wanaoshuka na hela zao kutoka Geita, halafu likipandisha timu Ligi Kuu haikai? Jibu la haraka utakalopewa kijiweni ni kwamba viongozi wamekula. Sawa, wapo waliokula, sibishi. Ila hata viongozi wote wangekuwa malaika hesabu bado ingegoma, na mimi naona ugonjwa unaanza siku ileile tunayopiga honi na bodaboda mjini, siku timu inapanda.

Cheki mlolongo wenyewe. Toto African, wana Kishamapanda, walirudi Ligi Kuu 2015 wakashuka 2017. Mbao FC walipanda 2016 wakashuka 2020. Alliance ya pale Mahina ikapanda 2018 na yenyewe ikashuka 2020, mwaka mmoja na Mbao, yaani jiji zima lilianza msimu na timu mbili likamaliza halina hata moja. Gwambina ya Misungwi, hapo jirani tu, ilipanda 2020 na 2021 ikawa imesharudi ilikotoka. Ukizunguka ziwa ni hadithi hiyohiyo, Biashara United ya Musoma wameshuka 2022, Geita Gold 2024, hadi Kagera Sugar ambao tulishawazoea kama wenye nyumba wameshuka 2025.

Na hawa watu mpira walikuwa wanaujua. Mbao walipanda kwa njia ya ajabu kidogo, mwaka 2016 timu zilizokuwa juu yao kwenye kundi la daraja la chini zilipigwa rungu na TFF, shirikisho la soka nchini, kwa kupanga matokeo, nafasi ikawaangukia wao, timu iliyotoka kwa wauza mbao tu. Msimu wao wa kwanza kabisa wakiwa na kocha Mrundi, Etienne Ndayiragije, wakamtoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA palepale uwanja wa Kirumba kwa goli moja bila, wakaenda fainali Dodoma na Simba, wakafungwa 2-1 tena kwenye dakika za nyongeza. Hebu fikiria, dakika chache tu ziwatenganishe na tiketi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Baada ya hapo kikafuata kile kinachofuata siku zote kwa timu isiyo na hela ikifanya vizuri, waliong'aa wakapata ofa kwingine, kocha mwenyewe baadaye akaondoka na mwishowe akaja kuifundisha Taifa Stars. Mbao wakabaki wanajenga upya kila msimu, na kila ujenzi ulikuwa wa bei rahisi kuliko uliopita.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndo kwenye jibu lenyewe. Nachukua namba za mfano tu, sio za timu yoyote, lakini mtu aliyewahi kushika daftari la timu ataniambia kama nimekosea sana. Mechi ya kawaida pale Kirumba, sio ya Simba wala Yanga, tuseme wameingia watu 1,500 kwa kiingilio cha 3,000. Hiyo ni milioni 4 na nusu. VAT asilimia 18 inatoka kwanza, hapo imeshaondoka karibu laki 7. Kuna uwanja, na CCM Kirumba kama jina linavyosema ni mali ya chama kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani, kwa hiyo timu ni mpangaji. Kuna makato ya kuendeshea ligi na mchezo, kuna gharama za mechi, walinzi, wakatisha tiketi, gari la wagonjwa. Mtunza fedha akimaliza kusaini makaratasi anatoka na milioni 2 kama ana bahati. Mechi ya Jumatano saa 8 mchana mvua inanyesha, anaweza kutoka na deni.

Halafu wiki inayofuata mna mechi Dar. Mwanza mpaka Dar kwa barabara ni kama kilomita 1,150, kwenda na kurudi 2,300. Basi linakunywa tuseme lita moja kwa kilomita 3, kwa dizeli ya 3,000 hapo mafuta peke yake ni zaidi ya milioni 2. Watu 30 wanalala wawiliwawili kwenye gesti ya 40,000, siku 3, milioni 1 na laki 8. Chakula cha shilingi 20,000 kwa siku kila mmoja, hiyo nyingine milioni 1 na laki 8. Karibu milioni 6 kwa safari moja, na hujalipa posho. Hela ya mlangoni ya mechi tatu nyumbani imemezwa na safari moja ya ugenini. Mishahara bado hatujaigusa, wachezaji 25 kwa laki 8 tu kila mmoja ni milioni 20 kwa mwezi, hapo sijaweka kocha, msaidizi, kocha wa makipa, daktari, mtunza vifaa.

Timu ya Dar hilo hailijui. Ligi ya sasa ina timu 16, kila timu inacheza mechi 15 ugenini, lakini kwa kuwa kila msimu pale Dar huwa kuna timu kadhaa, mechi kadhaa za ugenini za mtoto wa Dar ni nauli ya daladala tu. Wa Mwanza kila mechi ya ugenini ni safari, labda aende Kagera au Musoma, na hao nao walishuka. Na wakati Mbao na Alliance wako juu mambo yalikuwa magumu zaidi, msimu wa 2018/19 na 2019/20 ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38, safari 19, na huo wa 2018/19 ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu. Ukipanga kuiua timu ya mkoani kwa makusudi huwezi kupanga vizuri kuliko hivyo. Kisha ikaja Corona, ligi ikasimama Machi 2020, iliporudi Alliance wakashuka na Mbao wakaenda mchujo wakatolewa na Ihefu.

Kwenye daraja la chini ukata upo pia, nani asiyejua, ila kule mchezaji wa nyumbani anakubali laki 2 na sahani ya ugali kwa dagaa kwa sababu anatafuta kuonekana. Ukipanda tu yuleyule anataka mkataba, anataka hela ya usajili, na ana haki. Viongozi nao wanaingiwa na presha, wanaleta wageni wawili watatu wa kuonyesha kwamba tumepanda kweli, wanasaini mikataba kwa hela ambayo iko kwenye ahadi ya mdau fulani. Mdau akiacha kupokea simu mwezi wa 11, mwezi wa 12 wachezaji wanagoma kwenda mazoezini, mwezi wa 1 mwenye nyumba ya kambi anakuja na kufuli. Wale wageni wakiondoka bila kulipwa wanaenda kushtaki FIFA, timu inafungiwa kusajili, na kwa kuwa haiwezi kusajili inashuka.

Watu watasema si kuna hela za Azam za kurusha mechi kwenye TV. Kweli, mkataba wa 2021 kati ya TFF na Azam Media ni bilioni 225.6 kwa miaka 10, hela ambayo mpira wetu haukuwahi kuiota, na bila hiyo nadhani nusu ya ligi ingekuwa imekufa. Lakini ugawe kwa miaka, ugawe kwa timu zote na vyombo vyote vinavyokula humo, halafu mgao mwingine unategemea umemaliza nafasi ya ngapi. Aliye juu anapata nyingi, wa chini anapata ya kumalizia madeni. Inasaidia kuishi mwezi, haijengi timu.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa Mwanza hatupendi kuambiwa. Siku Simba au Yanga wanakuja Kirumba, tangu asubuhi barabara ya kwenda uwanjani ni jezi nyekundu na za kijani na njano, watu wametoka Sengerema kwa kivuko, wametoka Magu, Kwimba, wengine wamelala mjini. Uwanja unajaa. Ukiangalia vizuri, jukwaa la wenyeji ni kipande kidogo chenye ngoma na vuvuzela, waliobaki wote ni wageni wa nyumbani kwao. Hao ndio walipaji wa mechi mbili za msimu. Wiki inayofuata inakuja timu ya Namungo, mtu yuleyule aliyelipa 10,000 kwa ajili ya Yanga anakwambia kiingilio cha 3,000 ni wizi, ataangalia kwenye banda la video. Hata Toto yenyewe tangu zamani ilikuwa inaitwa mtoto wa Yanga, sasa mtoto atajitegemea lini.

Ndo maana siku zote timu ya huku inaishi kwa mfuko wa mtu mmoja au kitu kimoja. Pamba, TP Lindanda, wana Kawekamo, mabingwa wa Muungano 1990, timu ya kina George Masatu na Nteze John kabla Simba hawajawachukua, ilibebwa na hela ya zao la pamba. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, ushirika ukayumba, mashirika ya umma yakabinafsishwa, na timu za namna hiyo zikaanza kupukutika nchi nzima, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara. Pamba ikakaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20. Mbao ilikuwa ya wauza mbao, Alliance ya shule, Gwambina ya mtu mmoja aliyefikia hadi kujenga uwanja wake. Mfuko ukichoka timu inaanguka hata kama straika anafunga kila wiki. Linganisha na timu za majeshi kama JKT Tanzania, Mashujaa, Tanzania Prisons, mchezaji wao mwingi ni askari, ana mshahara wake wa kazi na mahali pa kulala, hata timu ikikosa mdhamini mwisho wa mwezi unafika salama. Wanashuka nao, Ruvu Shooting na Polisi walishuka 2023, ila hawafi kwa njaa.

Na mashabiki je? Wale wa kipande kile cha ngoma. Hao wamechoka bana. Ukipita soko la samaki la Mwaloni asubuhi utawakuta wanapakia dagaa, waulize kuhusu michango watacheka. Wamechangia nauli ya kwenda Mbeya, wamechangia mchele wa kambini, wamepitisha ndoo jukwaani nusu muda, wamewekwa kwenye grupu la WhatsApp la kuokoa timu ambalo limejaa namba za kutuma hela na hakuna hata risiti moja, mwaka unaofuata timu imeshuka na wengine wameambiwa wasajiliwe upya kama wanachama wa timu nyingine yenye jezi nyingine. Mtu ameshabikia timu tatu za mji mmoja na zote zimemfia mkononi, ukimwambia njoo na ya nne anakuangalia tu. Mimi siwalaumu wanaovaa Simba na Yanga, angalau hizo akiamka kesho zipo.

Sasa hivi tuna Pamba Jiji. Halmashauri ya Jiji iliibeba Pamba ikapanda 2024, msimu wa 2024/25 tukiwa tumeshaanza kuandaa msiba ikapambana ikabaki. Watu wamefurahi na mimi nimefurahi. Lakini mfuko ni mmoja tena, safari hii ni wa halmashauri, na hela ya halmashauri inapita kwa madiwani, inakaguliwa, inagombaniwa na mitaro na vituo vya afya, na mkurugenzi anaweza kuhamishwa wiki yoyote. Mbeya City ilikuwa ya halmashauri vilevile ikashuka 2023, ikaja kurudi 2025.

Najua nikisema hili nitatukanwa, ila timu nyingine ya Mwanza ikikaribia kupanda kabla haijaweka benki mishahara ya msimu mzima, na kabla haijajua nani analipa basi la Mtwara, bora ibaki Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu, mwaka mmoja zaidi. Mashabiki watazomea. Wazomee tu.