Mke yuko kwenye kemo, nyumba inaendeshwaje? Maswali ya wenza, Moshi

Wenza wa wagonjwa wa saratani huuliza maswali yao pembeni, daktari akishaondoka. Ni nadra yahusu uvimbe au vipimo. Ni ya jikoni, chumbani na kwa wakwe. Haya ni ya mume ambaye mke wake anatibiwa saratani ya titi kwa kemo, yaani dawa kali za saratani zinazotolewa kwa dripu, ila la vyakula limeulizwa pia na mama mmoja ambaye mzee wake ana saratani ya koo la chakula.

Mama yangu amemtengea mke wangu kikombe na sahani. Saratani inaambukiza?

Haiambukizi. Rudisha kikombe kabatini. Vipo virusi vinavyoweza kuleta saratani, kama HPV kwenye shingo ya kizazi na homa ya ini aina ya B, na hivyo vina chanjo. Lakini saratani yenyewe haihami kwa kula pamoja wala kulala kitanda kimoja. Mama usigombane naye. Siku ya kliniki mchukue, akae amsikie muuguzi. Litamwingia kuliko likitoka kwa mtoto wake.

Mbona basi tumeambiwa tuvae glovu tukifua nguo zake?

Hapo mnajikinga na dawa, siyo ugonjwa. Kwa saa 48 hivi baada ya dripu, mabaki ya kemo hutoka kwenye mkojo, choo na matapishi. Vaa glovu, shuka iliyochafuka ifue peke yake, kisha nawa kwa sabuni. Choo cha kuvuta kifunike, uvute mara mbili. Dada wa kazi akiwa mjamzito, kazi hiyo asipewe. Siku hizo tumieni kondomu. Mimba nayo isubiri mpaka daktari aseme, kwa hiyo ongeeni naye mapema kuhusu uzazi wa mpango.

Ale nini? Napika, hali.

Mtori umekaa jikoni tangu saa moja asubuhi, ndizi mshare zimepondwa na mwiko mpaka zimelainika, nyama umeichambua nyuzi nyuzi. Amekula vijiko vitatu, akasukuma bakuli. Usinune. Kemo hubadilisha ladha, wengine husema kila kitu kina ladha ya chuma, na harufu ya kitunguu kikikaangwa inatosha kumtapisha. Pikia mbali naye, mpe kikiwa vuguvugu, kidogo kidogo, mara sita kwa siku kuliko sahani mbili za kujaa. Vijiko vitatu mara sita ni chakula.

Maziwa ya ng'ombe wa kihambani yachemshwe, hata yale ya kugandisha. Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, akiache kwanza, damu ile na kinga iliyoshuka havipatani. Najua wazee watanuna.

Na wewe mama, mzee akikwama na ugali, hamia mtori, uji wa maziwa, parachichi lililopondwa. Chai ipoe kwanza. Tangu 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaviweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula, kwa hiyo na ninyi wengine mezani muisubiri. Siku hata maji yakigoma kupita, usingoje tarehe ya kliniki.

Lipi la kunikimbiza hospitali usiku?

Homa. Nunua kipimajoto leo. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, na kwa dawa nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Joto likifika 38, hata kama anacheka na kuongea, ni dharura. Usimpe Panadol ukalala, itashusha joto na kuficha maambukizi. Mkiwa Kibosho juu au Marangu usiku wa masika, gari mtalitoa wapi? Ongea na mwenye gari kabla, namba yake iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani. Ukifika KCMC au hospitali iliyo karibu, sentensi ya kwanza mapokezi iwe: "Yuko kwenye kemo na ana homa."

Ndiyo maana Desemba, ukoo mzima ukipanda mlimani "kuhesabiwa", hesabu na wewe siku zake. Viti viwekwe nje, na mwenye mafua asalimie kutoka uani.

Nimemkatalia kazi zote apumzike. Mbona anazidi kunyong'onyea?

Umemnyang'anya mwiko, ufunguo wa duka, hata simu anapokea dada yake. Amebaki kwenye kochi kama mgeni nyumbani kwake. Uchovu wa kemo hauishi kwa kulala kutwa, kutembea kidogo kila siku husaidia. Muulize kila asubuhi: leo unaweza nini? Siku ya tatu atajibu hamna. Siku ya kumi na sita anaweza kutaka kwenda Mbuyuni kuchagua ndizi mwenyewe, na zako za juzi zilikuwa mbichi. Hesabu za ada na vikoba hazibebwi kwa misuli, mwachie.

Watoto tuwaambieje?

Mtaje ugonjwa kwa jina, na kwamba hakuna aliyeusababisha. Nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu, kwa hiyo waambieni kabla, wasije kuzikuta kwenye mto.

Kuna dawa ya mizizi anashauriwa.

Mwonyeshe daktari kabla hajainywa, maana baadhi huvuruga kemo au kuumiza ini. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kwenda Loliondo kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na kuna walioacha dawa zao wakitegemea kile.

Nimehamia chumba cha watoto nisimsumbue usiku. Nimekosea?

Ulimuuliza? Wengi hamu ya tendo hupotea kwa muda, kwa uchovu, ukavu, au kuona haya kwa ajili ya kovu la upasuaji. Ukavu una vilainishi, muulizeni muuguzi. Lakini kutotaka tendo si kukutaka uhame. Huenda anadhani umelikimbia kovu. Leo usiku, kabla hujabeba mto, muulize.