Wa nyuma hawasikii, na wati hazitawasaidia

Waandaaji wa mikutano ya hadhara wakinipigia simu, la kwanza huwa: "Fundi, una wati ngapi?" Mimi nataka kujua uwanja una urefu gani na watu watasimama wapi.

Kwenye uwanja wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Aliye mita 4 akipigwa na desibeli 100, wa mita 64 anabakiwa na 76, na hapo kuna upepo, bodaboda na wauza maji. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu. Aliyekuwa anasikia vizuri mita 50 sasa anasikia mita 70, huku wa mbele wameziba masikio.

Kwa hiyo napandisha spika juu ya vichwa, nazielekeza nyuma, kisha naweka jozi nyingine katikati ya uwanja. Hapo ndipo wengi huharibu. Umeme hufika kwenye spika za kati papo hapo, lakini sauti ya jukwaani inakwenda kama mita 348 kwa sekunde kwenye joto letu. Spika za kati zikiwa mita 60 mbele ya jukwaa, mtu aliye pale anasikia neno lile lile mara mbili, likipishana kwa milisekunde 172. Hotuba inakuwa uji. Kwenye mikisa ya kidijitali, yaani mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti, nachelewesha jozi ya kati kwa muda huo, naongeza milisekunde 15. Sikio hufuata sauti iliyotangulia, hivyo msikilizaji anaamini mzungumzaji ndiye anayesikika, si nguzo iliyo kando yake.

Horni, zile spika zenye mdomo kama tarumbeta, zinadharauliwa kwa sababu hazina besi, yaani sauti nzito. Mhutubiaji hahitaji besi: maneno hutambulika kwa konsonanti, nazo zinakaa juu, karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hadi 4,000. Mimi hukata kila kilicho chini ya hezi 120. Mwaka 1919, Rais Woodrow Wilson wa Marekani alihutubia watu wapatao 50,000 San Diego kwa horni, enzi ambazo amplifaya zilikuwa na nguvu ndogo mno.

Maiki ikipiga mluzi, angalia kwanza kama iko mbele ya spika kabla ya kugusa mikisa.

Na kupima kwa "moja, mbili, tatu" hakunisaidii, maana kila mtu anajua kinachofuata. Ninampa mtu orodha ya majina ya vijiji aisome jukwaani. Msaidizi wangu aliye mstari wa mwisho anayaandika.